Agrafena Sivtseva, Mwenye Funguo za Barafu ya Bulgunnakh

Ijumaa ya tarehe 30 Mei, baada ya miaka thelathini na minane na miezi minane ya utumishi, Agrafena Innokentievna Sivtseva atakabidhi funguo za ghala letu la chini ya ardhi na kustaafu. Jarida la wafanyakazi lilitaka maneno machache juu yake. Halikunitaka mimi, lilimtaka mkuu wa maabara. Mimi ndiye niliyekwenda kumsihi aniachie. Sababu yangu naisema mapema. Katika orodha ya vipande vya barafu vya kituo hiki pameandikwa, huu mwaka wa kumi na tisa, kwamba kipande namba 17 cha Bulgunnakh, ukingo mmoja wa mto wetu, kilipotea kwa uzembe wa dada Agrafena. Si kweli, na sitaki aondoke na doa lisilo lake.

Alifika hapa Septemba 1986, binti wa miaka ishirini kutoka Churapcha, na sanduku moja na ndoo ya siagi. Aliajiriwa kufagia. Mwezi wake wa tatu kazini fundi wa msumeno akavunjika mkono, dada akaambiwa aushike msumeno kwa wiki moja tu. Wiki hiyo ndiyo inayoisha Ijumaa.

Kwa wenzetu wa ghorofa ya juu ambao hawajawahi kushuka ghalani, kazi yenyewe ni hii. Kila baridi kali ardhi yetu hupasuka, na theluji inapoyeyuka maji huingia ufani yakaganda. Mwaka baada ya mwaka, kwa maelfu ya miaka, ufa unanenepa. Theluji ya mwaka wenye baridi ya kuua na ile ya mwaka mpole hazitoi maji ya aina moja, na mashine za maabara zinajua tofauti. Pembeni ya barafu kuna mboji iliyoganda, yaani majani ya kinamasi yaliyolala tabaka juu ya tabaka, na chavua iliyomo hutuambia kiangazi kilikuwaje. Wataalamu husoma. Lakini mtu lazima aning'inie kwa kamba kwenye ukingo wa mto, pale barafu inapojitokeza, mbu wakimtafuna masikio, akate kipande bila kukivunja. Mtu huyo alikuwa dada Agrafena. Amekata zaidi ya vipande elfu nne, na ripoti zetu zote za majira ya baridi ya kale zimesimama juu ya mikono yake.

Ana taratibu zake. Kabla msumeno haujagusa ukingo, huilisha ardhi chapati nyembamba zenye siagi, na kuiambia maneno mawili matatu ya adabu. Mtafiti mmoja mgeni, mtu makini kupita kiasi, aliandika kwenye daftari lake kwamba huenda sampuli zimeingiwa na mafuta ya maziwa. Dada akamchungulia begani. "Andika pia kwamba tulibisha hodi kabla ya kuingia," akamwambia. Mgeni wa watu akaandika!

Ghalani hana masihara. Ukiusahau mlango wazi kiangazi, sauti yake inakukuta barabarani: "Wewe! Umezaliwa hemani? Unayeyusha miaka elfu tano hapa!" Nimemwona akimtoa mkurugenzi mzima kwa sababu alishuka na kikombe cha supu ya moto. Ila ukitoka umeganda vidole, yeye ndiye atakayekuvua glavu na kukusugua mikono kama mtoto, huku akikutukana.

Sasa nije kwa Bulgunnakh. Agosti 2005 alikata pale siku kumi na moja, vipande arobaini na tatu, mfululizo mzuri kuliko wote tulionao. Mei iliyofuata mto ulifurika ukaubeba ukingo mzima. Kwa hiyo kilichokuwa ghalani ndicho hicho hicho, hakuna kurudi kukata kingine.

Wote tumekulia kwenye chai inayochemshwa kwa barafu ya ziwa. Barafu hiyo inakatwa Novemba, na kiangazi inahifadhiwa shimoni, ndani ya ardhi iliyoganda, pamoja na nyama na samaki. Maji ya bomba ni ya kuoshea masufuria. Kituoni nako tukaishi kama nyumbani. Ukiingia ghalani, rafu ya kushoto ilikuwa ya barafu ya utafiti, ya kulia ya barafu ya chai na samaki wa walio zamu. Nani angedhani ni tatizo? Kila shimo la Yakutia limepangwa hivyo.

Juni 2006 nilikuwa na miezi miwili kazini, bado niko majaribioni. Wenzetu walikuwa porini, tumebaki dada na mimi. Nikatumwa barafu ya chai. Nilikwenda hadi mwisho wa ghala kuangalia kipimajoto, nikageuka, na wakati wa kutoka nikachukua mfuko. Tochi yangu ilikuwa inakata roho. Nikapasua, nikachemsha, nikamimina.

Dada akapiga funda moja, akakiweka kikombe chini.

"Gavril, hii umeitoa upande gani?"

"Kulia, dada."

"Kulia ukiingia, au kulia ukitoka?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kwetu hupasuka kweli, lakini Januari, na huo ulikuwa Juni. Akashuka na taa, akarudi, akalifunua birika. Maji yakishachemka hayasomeki tena na mashine yoyote. "Miaka mia mbili ya baridi," akasema, "tumeishushia mkate." Akaanza kucheka, kisha akaacha, nikaona machozi. Kipande kile alikuwa amekikata kwa saa sita, kamba ikiwa imemchuna kiuno.

Nikasema nakwenda kwa mkurugenzi wa wakati ule kukiri. Akanishika mkono. "Kaa chini. Wewe uko majaribioni na mkeo amejifungua juzi. Mimi hawanifukuzi." Akaenda mwenyewe, akasema maneno matatu tu: "Funguo ninazo mimi." Uongo haumo, ukiyapima. Wakamwandikia karipio, wakalibandika ubaoni, na kwenye orodha wakaandika neno lile, uzembe. Mwaka uliofuata nafasi ya ukuu wa ghala ilipewa mtu wa nje. Dada ndiye aliyemfundisha kazi. Yule bwana alikaa miaka miwili akaondoka, na nafasi akapewa mwingine, naye dada akamfundisha.

Mwaka wa kwanza nilinyamaza kwa sababu aliniamuru. Miaka kumi na minane iliyobaki nilinyamaza kwa woga wangu mwenyewe. Nilithibitishwa kazini, nikapanda cheo, mwanangu yuko chuo kikuu. Kila tulipotoa ripoti ya Bulgunnakh, pengo la miaka mia mbili lilikuwa na jina lake chini, nami nikageuza ukurasa. Nilijidanganya kwamba mwenyewe hajali, mbona anacheka na kila mtu.

Mwezi uliopita ndipo nikaenda kwa mkurugenzi wetu, Tuyaara Semyonovna, nikasema yote. Akauliza, "Miaka kumi na tisa, Gavril?" Akaagiza orodha iletwe, akakata mstari wa zamani, nikaandika mpya kwa mkono wangu: Kipande 17 kilichemshwa chai na Gavril Gotovtsev, kwa kosa lake, mtunza funguo hana hatia. Karipio limefutwa.

Jumanne nikampelekea dada orodha hiyo kule chini. Nilitegemea anikaripie kwa kuvunja amri yake, au anitanie. Akavaa miwani, akasoma, akarudia kusoma. Kisha akakaa juu ya sanduku la mboji akalia kwa sauti, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akilia hivyo hata walipomzika mumewe.

"Mama alisikia," akasema. "Wiki ile ile habari ilifika Churapcha. Mama yangu ametunza shimo la familia miaka sitini, hajaharibu hata samaki mmoja. Hakuniuliza. Lakini tangu siku ile, nikienda likizo, haniachi nishuke shimoni peke yangu." Akafuta miwani. "Nipigie nakala. Ana miaka themanini na tisa, bado anasoma."

Nakala imepigwa, ina mhuri, iko kwenye bahasha.

Dada Agrafena, kwa niaba ya kituo kizima, asante kwa mikono yako, kwa sauti yako mlangoni, na kwa kila baridi uliyotutolea ardhini. Kwa niaba yangu mwenyewe, nisamehe. Uishi kwa amani na afya, na viangazi vyako viwe virefu. Ukifika nyumbani, hiyo karatasi msomee mama kwa sauti, na jina langu usiliruke.

Gavril Gotovtsev,
Idara ya Sampuli