Blanketi la Susu Mbithe

Wasikilizaji wapendwa, ni saa kumi jioni, Jumamosi nyingine. Ukiwa shambani, weka jembe chini kidogo. Ukiwa jikoni, punguza moto. Mimi ni Nyamai wenu, na leo sina haraka.

Leo tunamkumbuka Susu Mbithe Mbaluka wa Mutomo. Susu, kwa nyinyi mlio mbali na Ukambani, ni nyanya. Susu Mbithe alikuwa na miaka sabini na mmoja. Alifuma sweta na aliendesha pikipiki. Narudia, usije ukadhani redio yako imeshika vibaya: nyanya wa miaka sabini na mmoja, alifuma sweta na aliendesha pikipiki. Alituacha Jumanne ya wiki iliyopita, hospitalini, kwa ugonjwa wa kifua. Si pikipiki iliyomwondoa. Nasema mapema, kwa sababu najua kuna watu waliongoja miaka kumi na saba waseme "si tulimwambia?" Basi hamkupata nafasi.

Hapa mkononi nina kadi ya salamu. Iliandikwa na mkwe wake, Musyimi wa Makindu, mume wa binti yake Mbinya. Kadi hii ilipaswa kusomwa Susu Mbithe akiwa hai, amekaa na redio yake mapajani. Haikusomwa. Kosa hilo ni langu, na nitalieleza likifika mahali pake. Kwanza mjue huyo mama.

Mume wake, marehemu Mbaluka, alikuwa daktari wa mifugo. Alizunguka vijiji vyote vya Mutomo kwa pikipiki nyekundu, akidunga ng'ombe sindano. Mbithe alikaa nyuma yake, na akiwa huko nyuma alikuwa anafuma. Naam, pikipiki inakimbia, vumbi linapanda, na mama huyo vidole vinakwenda. Siku moja donge la uzi lilimponyoka. Walipofika kwa mwenye ng'ombe, mzee wa boma aliwauliza, "Daktari, huu uzi unaotoka huko barabarani ni dawa gani?" Ulikuwa umebaki nyuma robo kilomita nzima, na mbuzi wawili walikuwa wameanza kuutafuna. Mbaluka alicheka mpaka akakaa chini.

Mbaluka alipofariki, watu walikuja kuulizia pikipiki. Mbithe aliwapa chai, akawaambia haiuzwi. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Akaisukuma mpaka uwanja wa shule ya msingi siku ya Jumapili, baada ya kanisa, akajifunza peke yake. Alianguka mara saba. Mara ya nane hakuanguka.

Kuanzia hapo hakuna aliyemshika. Alipeleka kofia za watoto wachanga hospitalini. Alipeleka sweta za kijani shuleni. Wengine walimcheka: sweta za nini, na Mutomo jua linakaanga mawe? Susu aliwajibu, "Njoo tuonane mwezi wa saba, saa kumi na mbili asubuhi. Utaniomba mbili."

Na mara moja kwa miezi miwili alishika njia ya Ikutha, akavuka mto Athi, akatokea Kibwezi, mpaka Makindu. Huko alimwona binti yake, akanywa chai kwenye hekalu la Singasinga, pale ambapo mgeni haulizwi katoka wapi, kisha akanunua uzi kwa Ismahan, mwenye duka la vitambaa. Nilimpigia Ismahan simu. Aliniambia hivi: "Mama Mbithe hakuwahi kuchagua rangi ndani ya duka. Alikuwa anatoka nje na uzi, anauangalia kwa jua. Anasema rangi ya dukani ni ya kuposa, rangi ya jua ndiyo ya kuoa. Msichana wangu Ilhan alizaliwa mapema, mdogo sana. Kofia yake ya kwanza ilitoka kwa huyo mama. Ningali nayo."

Sasa tuje kwa Musyimi. Musyimi ni seremala, na ni mzee wa kanisa. Ni mtu wa heshima zake. Na Wakamba tuna heshima moja inayoitwa nthoni. Mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawakai meza moja. Wakikutana njiani, mmoja anapisha, na salamu zinapita kwa mbali. Najua siku hizi vijana wanapiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao, wanatuma kwa simu. Sisemi kitu. Lakini Musyimi na Susu Mbithe walikuwa watu wa zamani. Miaka ishirini na tatu ya ndoa hiyo, hawakuwahi kugusana hata kidole.

Sasa fikiria mtu kama huyo anatoka kanisani Makindu, na waumini wenzake, na suti yake, halafu mama mkwe wake anapita mbele yao na helmeti juu ya kitambaa, mfuko wa uzi umening'inia kwenye usukani, anapiga honi kusalimia. Musyimi alitamani ardhi ipasuke. Akamwambia mkewe, "Mwambie mama yako auze hiyo kitu. Anatuaibisha."

Mbinya alifikisha ujumbe. Jibu lilirudi wiki hiyo hiyo: "Mwambie Baba Mbuvi, pikipiki haijaomba kuolewa kwake. Imuache, na yeye aiache." Baba Mbuvi ndiye Musyimi, mwanawe wa kwanza ni Mbuvi. Kwa jina lake hasa Susu hakumwita hata siku moja. Hiyo pia ni nthoni.

Basi wakakaa hivyo. Musyimi alituma maneno, "auze." Susu alirudisha maneno, "siuzi." Maneno yalipita kwa Mbinya, kwenda na kurudi, maskini huyu mwanamke.

Halafu ikaja Agosti ile, miaka sita iliyopita. Shikeni hapa, wasikilizaji wapendwa. Miaka sita iliyopita, mwezi wa Agosti.

Musyimi alikwenda Mutomo kurekebisha zizi la mbuzi la mama mkwe wake. Mbinya alikuwa ameenda Kitui mjini kufuatilia cheti. Pale nyumbani walibaki wawili tu. Musyimi zizini, Susu upande wa pili wa nyumba, amempa mgongo kwa heshima, anafuma. Saa nne asubuhi Musyimi aliinua rundo la miti mikavu. Chini yake kulikuwa na bafe. Yule nyoka mnene, mvivu, asiyekimbia. Alimuuma juu ya kifundo cha mguu wa kushoto.

Mutomo mjini ni kilomita kumi na tano. Hospitali iko huko, na dawa iko huko. Susu alipiga simu kwa watu wa boda. Wote walikuwa mnadani. Wa karibu akasema, nipe nusu saa, labda na dakika arobaini.

Susu akaiwasha pikipiki.

Musyimi mwenyewe ndiye aliyenisimulia haya. "Nilikuwa nimekaa chini, mguu unafura nikiuona. Mama akasema, 'Baba Mbuvi, panda.' Nikamwambia, 'Mama, mimi nitangoja boda.' Akasema, 'Utangojea kaburini?' Nikasema, 'Mwaitu, siwezi. Wewe ni mama mkwe. Nitakushika vipi?'"

Mwaitu ni mama. Mwanamume ana sumu ya bafe mwilini, na anachoogopa ni kumshika kiuno mama mkwe wake. Msimcheke. Hofu ya nyoka ilikuwa ya saa moja hivi. Hii nyingine alilelewa nayo.

Susu hakubishana. Alizima pikipiki, akaingia ndani. Akatoka na blanketi. Alikuwa analifuma tangu mwaka uliotangulia, kwa mabaki ya nyuzi zake zote za sufu: kijani cha shule, njano ya watoto, zambarau ambayo hakuna aliyeitaka. Halikuwa limeisha. Bado lilikuwa na sindano yake ya kufumia. Akalikunja mara mbili, akajifunga nalo mgongoni, likamzunguka kuanzia mabega mpaka kiunoni. Akachukua ubao mmoja wa Musyimi, akamrushia na kamba. "Funga huo mguu usitikisike." Kisha akampa mgongo, akakaa kwenye pikipiki.

Akasema hivi, na Musyimi anayakumbuka maneno yote: "Sasa mimi hunigusi. Unagusa sufu. Sufu haina nthoni. Panda."

Akapanda.

Kilomita kumi na tano, wasikilizaji wapendwa, nyingine za changarawe, nyingine za mchanga mtupu. Musyimi alishika lile blanketi kwa mikono miwili kama mtoto anayebebwa mgongoni. Ile sindano ya kufumia ilimdunga mbavu njia nzima. Aliniambia, "Nyamai, siku hiyo niliumwa mara mbili. Lakini ile sindano ilinisaidia, nikianza kupoteza fahamu inanidunga, naamka."

Walifika. Dawa ilipatikana. Alilazwa siku kumi na saba, na mguu ulibaki. Anachechemea kidogo wakati wa baridi, lakini mguu ni wake. Susu alikuja kila siku ya pili kwa pikipiki, na uji. Hakuingia wodini. Alisimama mlangoni, akamwachia muuguzi chupa, akauliza, "Baba Mbuvi ameamkaje?" Musyimi akajibu kutoka kitandani, "Nimeamka vizuri, mwaitu." Basi. Akageuka akaenda.

Lile blanketi alilifua, akalimalizia, akampa Mbinya ampelekee. Hakutuma maneno.

Na Musyimi naye hakutuma maneno. Hapo ndipo mwiba ulipoingia. Alitaka kusema mambo mawili: asante, na nilikosea. Lakini angeyasemaje? Uso kwa uso hawezi. Kumtuma mke wake aliona haya, maana kwa mdomo huo huo ndiko alikotuma "auze." Mwaka ukapita, wa pili ukaja. Kila Agosti alikwenda Mutomo na mfuko wa vyombo. Susu akiwa kanisani, yeye anaisogeza pikipiki kivulini. Anabadilisha oili. Anakaza cheni. Mwaka juzi aliiwekea tairi mpya la nyuma. Kisha anaifuta vumbi, anairudisha pale pale, kama mwizi anayerudisha mali. Susu akirudi anaizunguka, anaitazama, anaingia ndani kupika. Hakuuliza. Siku hizo, Mbinya anasema, nyama ilikuwa nyingi kwenye sahani ya Musyimi.

Mwezi uliopita Susu alianza kukohoa. Musyimi akaogopa. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Akajua kwamba kila Jumamosi saa kumi mama mkwe wake husikiliza kipindi hiki akifuma. Akasema, redioni si uso kwa uso. Redio ni kama sufu. Akaandika kadi.

Ilinifikia siku ya Alhamisi. Nikaiweka juu ya meza hii. Jumamosi ikafika. Akapiga simu msikilizaji mmoja aliyepotelewa na mbuzi, nami napenda sana hadithi za mbuzi. Tukaongea, tukacheka. Yakaja matangazo. Nikaangalia saa, zimebaki dakika mbili. Nikaisogeza kadi kando, nikasema wiki ijayo.

Huko Makindu Musyimi alikuwa amesimamisha msumeno, amekaa kwenye mbao, redio mbele yake. Huko Mutomo Mbinya, aliyekwenda kumuuguza mama yake, alikuwa ameongeza sauti, kwa sababu mumewe alimwambia leo usiizime. Susu alisikiliza mpaka mwisho. Halafu, Mbinya ananiambia, alikunja kazi yake akasema, "Leo Nyamai ameongea sana."

Siku tatu baadaye alifariki.

Jumamosi iliyopita nilinyamaza, kwa sababu familia iliomba tungoje mazishi. Nimewaomba msamaha, wakanisamehe. Mimi bado sijajisamehe.

Jana Ijumaa tulimzika. Nilikwenda. Pikipiki nyekundu ilikuwa imeegeshwa karibu na hema, imefutwa vumbi, na nadhani mnajua aliyeifuta. Wakati wa kubeba jeneza ulipofika, wanaume walisogea. Musyimi alibaki nyuma, kofia mkononi. Jeneza la mama mkwe linakaa begani, karibu na shavu. Alitazama chini. Ndipo Mbinya akatoka nyumbani na blanketi. Kijani, njano, zambarau. Akalikunja mara mbili, akaliweka kwenye bega la mume wake, akamsukuma kidogo mgongoni. Musyimi akaenda, akaingiza bega chini ya jeneza, akambeba mama mkwe wake mpaka kaburini, akichechemea. Alikuwa analia wazi wazi, mzee wa kanisa, wala hakujificha.

Nilimuuliza Mbinya kama mama yake alijua. Akaniambia, "Alikuwa anaangalia lile tairi anatabasamu. Lakini kusikia ni kitu kingine, Nyamai. Hata mimi ningetaka asikie."

Kwa Mbinya, kwa Musyimi, kwa Mbuvi na wajukuu wote, kwa Ismahan, kwa akina mama wa Mutomo ambao watoto wao walivaa kofia zake: poleni sana. Mungu awatie nguvu. Na wewe unayenisikiliza, kuna mtu una neno lake. Unamjua. Kama huwezi kumwangalia usoni, tafuta sufu yako, lakini usimpe mtu kama mimi akuwekee mezani. Mpelekee leo.

Sasa naisoma kadi. Naisoma kama ilivyoandikwa, kwa kalamu ya seremala.

"Salamu kutoka kwa Musyimi Ndolo, Makindu. Zimwendee mama mkwe wangu Mbithe Mbaluka, Mutomo, popote alipo. Mama, nilikosea. Mguu bado uko. Asante. Ujumbe wangu ni huu: usiuze."