Karatasi ya Mbweha

"Siendi! Nisimame mbele ya Andrea nimwambie kwamba baba yangu ni mwizi?"

"Ungekuwa mkaidi hivyo kwa magugu, Harithi, ufuta wako ungevunwa," shangazi Samia alimjibu baba yangu.

Babu Mikidadi akagonga ukingo wa kitanda, akaniambia, "Zuleha, andika."

"Nyamazeni, wanangu, pumzi niliyobaki nayo haitoshi kuwaamua. Mikorosho ya Malolo gawaneni kwa mipaka niliyoweka. Harithi, mtoto huyu uliyemtoa kidato cha pili mrudishe shule, maana macho yangu yalipokufa yeye ndiye aliyenisomea. Kubwa ni hili. Miaka ishirini mimi na Andrea wa Nachingwea tulitafuta majina ya wanyama katika lugha ya kale iliyozaa Kiarabu, Kiebrania na Kihabeshi. Mimi na Kiarabu cha chuoni, cha Kurani, yeye na Kiebrania cha seminari. Ukipanga majina ya ndugu, unalisikia la mama yao. Tukafika kwa dhi'b. Kwa Mwarabu ni mbwa mwitu. Mwebrania humwita ze'ev, mnyama yuleyule. Lakini Mhabeshi wa kale akisema ze'b anamtaja fisi. Nikang'ang'ana kwamba mnyama wa kwanza kuitwa hivyo alikuwa fisi. Andrea akaleta karatasi aliyonakili kwenye kitabu cha padri aliyekwisharudi kwao: watu wa Babeli, ambao maandishi yao ni ya kale kuliko ya hao wote, walisema zibu, na kwao ni mbweha. Fisi wangu akafa pale pale. Nikaificha karatasi ndani ya msahafu, nikasema imeliwa na mchwa, na mbele ya walimu wa Ruangwa nikamuuliza, 'Andrea, mbweha wako kakimbilia Nanganga?' Wakacheka. Yeye hakuja tena, mwaka wa kumi na moja huu, na kila nikiufungua msahafu naipisha karatasi ile kwa kidole. Mficha uchi hazai, wanangu, nami kazi yetu sikuizaa. Harithi, mpe Andrea karatasi yake mkononi. Sema niliiba, usiseme nilisahau. Zuleha, katika daftari la kazi yetu, pale nilipoandika fisi, kata... andika jina la Andrea juu ya langu. Samia, nilaze... Mungu awape ndimi... ndimi zisizowasuta... awalinde..."

Baba akaitoa karatasi ndani ya msahafu, akaikunja. Alipofika mlangoni akamgeukia babu.

"Baba, akikataa kuipokea, nikirudi nikwambie kweli?"