Sponji Kaambiwa Asiende

Kijiwe chenyewe ni kochi. Si benchi wala gogo. Ni kochi la watu watatu ambalo mwenyewe alilileta kwa Sponji libadilishwe kitambaa, akaaga vizuri, na mpaka leo hajarudi kulichukua. Sponji alilivumilia ndani ya karakana mpaka likamzibia njia, akalitoa nje, akaliegemeza ukutani chini ya bati. Kabla hajafuta jasho, Breki alikuwa ameshalikalia. Breki ni dereva wa lori aliyestaafu, na jina lake limetokana na kisa cha kuteremka mlima breki zikiwa zimekufa, kisa ambacho kila akikisimulia mlima unarefuka. Pembeni yake hukaa Hakimu, kinyozi wa kibanda cha jirani, aliyepewa jina hilo maana kila anayekaa kwenye kiti chake huondoka kanyolewa na kahukumiwa. Mama Birika huuza kahawa hapo hapo, na maoni huyatoa bure. Sponji, fundi makochi, hakai. Husimama mlangoni akigonga, misumari midogo midomoni, vipande vya sponji nyweleni, kimya. Wenzake wameizoea nyundo yake kuliko sauti yake.

Asubuhi ile hata nyundo ilikuwa imenyamaza.

— Sponji, leo hugongi? Hakimu akauliza. Kochi la watu litajigonga lenyewe?

Sponji akaitema misumari kiganjani, akatoa simu mfukoni, akampa. Hakimu akasoma kwa sauti, kwa kuwa hajui kusoma kimyakimya:

— "Fundi, Jumamosi hii usiende kwa binti. Ameomba mwenyewe. Nitapita leo nikueleze."

— Lete nione, Breki akasema.

— Nimeshasoma.

— Wewe unasoma vibaya. Lete.

Breki akaisoma mara mbili, akairudisha. Kisha akanywa nusu kikombe kwa mkupuo.

Binti anayesemwa hapo ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, yuko shule ya bweni. Ada yake hulipwa na wafadhili kupitia shirika moja la elimu. Lakini watu wa shirika waliona ada peke yake haimtoshi mtoto. Anahitaji pia mtu wa kumwendea Jumamosi ya wageni, akae naye, amuulize hali. Mtu huyo wanamwita mlezi, na hujitolea, halipwi kitu. Sponji alikwenda ofisini kwao kushona viti vilivyochanika, akatoka akiwa mlezi. Alidhani wamekosea mtu, maana yeye shule aliiacha darasa la sita. Akangoja wajirekebishe. Hawakujirekebisha, na huu ulikuwa mwaka wa pili. Kila ikikaribia Jumamosi ya wageni, kijiwe kizima humpakia ushauri wa kumpelekea mtoto, naye huitikia kwa kichwa, misumari midomoni, akaenda zake.

— Mimi naona hivi, Hakimu akaanza, akajiweka sawa. Kafeli. Huyo mtoto kafeli, na anajificha. Nilikwambia umwambie alale mapema. Ulimwambia?

Sponji akairudisha simu mfukoni.

— Hajafeli, Mama Birika akasema, akimimina. Mwezi uliopita si ulituambia kawa wa tatu darasani?

— Wa tatu ndio mwanzo wa kuteremka, Hakimu akasema. Hapo breki hazishiki. Muulize huyu.

— Usiniingize mlima wangu kwenye kesi zako! Breki akang'aka. Sikilizeni, jambo lenyewe liko wazi. Mtoto kaona haya. Mtazameni huyu mtu. Wenziwe wanatembelewa na watu wamepiga pasi, yeye anatembelewa na huyu, kichwani kama kalala kwenye godoro lililopasuka!

Wakacheka. Sponji naye akacheka kidogo, ili asionekane ameumia, kisha akajipangusa nywele. Kipande cha sponji kikaanguka begani. Neno lile lilimwuma, kwa sababu tangu alfajiri ndilo alilokuwa akiliwaza. Alikumbuka Jumamosi ya wageni iliyopita, viatu vyake na gundi iliyokauka kwenye ncha zake, na wanafunzi waliopita karibu wakiangalia. Binti hakuangalia viatu. Au labda aliangalia.

— Kuona haya, aa wapi, Mama Birika akasema. Yule ni msichana, anakua. Huenda ana mambo anayotaka kumwambia shangazi au mama, sasa atamwambiaje fundi makochi? Mngenituma mimi.

— Wewe ungemuuzia kahawa, Hakimu akasema.

— Ningemuuzia, na angekunywa!

— Ngojeni, ngojeni, Breki akainua mkono kama anasimamisha magari. Hebu tumwulize mtu mwenye akili, yaani mimi. Nani analipa ada? Wafadhili. Mfadhili mmoja kachoka kukaa kwake kapanda ndege. Kaja na zawadi, kaja na kamera. Atasimamaje kwenye picha na Sponji? Wamemwambia asiende ili asiharibu picha.

— Hapo una hoja, Hakimu akasema, na hoja ikamkolea. Lakini hujafika mwisho. Mfadhili gani anasafiri kote huko kwa ajili ya mtoto mmoja? Huyu mtoto wamemwona ana kitu. Wanamchukua. Wanampeleka ng'ambo.

— Akasome?

— Akasome nini tena, kashasoma! Akachunguzwe. Akili.

— Wacha wee.

— Nakwambia! Akili za namna ile hupimwa na mashine.

— Basi mimi nawaambieni zaidi, Breki akasema, akasogea mpaka springi ya kochi ikalia. Haya mashirika yanaandaa mawaziri. Kimyakimya. Yanachukua mtoto mdogo, yanasomesha, yanaficha, siku unawasha redio unasikia anaapishwa. Na kabla ya kuapishwa lazima wafute nyuma yake watu wote wa hovyohovyo. Fundi makochi, futa. Jamaa zake wote wa kijiweni, futa.

— Sisi tumefanya nini? Hakimu akashtuka kweli.

— Tumekaa hapa.

Hakimu akatazama huku na huku mtaani, kama gari la serikali limeshafika.

Sponji aliwasikiliza, akashindwa hata kukasirika. Wao walikuwa wanapitisha asubuhi; yeye alikuwa anapoteza kitu. Wanawe wamekua na kutawanyika, kila mmoja na mji wake. Nyumbani mkewe ndiye msemaji, na anasema vizuri, hakuna haja ya msaada. Kazini ana misumari midomoni. Mahali pekee duniani ambapo Sponji hufungua mdomo ukafunguka ni pale kwenye uwanja wa shule, chini ya kuta za madarasa, Jumamosi ya wageni. Hilo hakuwa amemwambia mtu. Sasa ataambiwa pamefungwa, na ataanza wapi kueleza kwamba kinachomuuma si heshima?

— Nitawaambia watu wa shirika nimejitoa mwenyewe, akasema ghafla.

Wote wakageuka. Sauti ya Sponji asubuhi ilikuwa jambo la kugeukiwa.

— Ujitoe? Mama Birika akasema. Hujaambiwa kosa lako, unajihukumu?

— Ni afadhali niseme mimi kabla hawajasema wao.

— Sikiliza, fundi, Breki akasema, na utani ukampungua sautini. Ngoja huyo mtu wa shirika aje kwanza.

Mtu akaja. Alikuwa dada wa duka la dawa, ambaye siku za kazi huuza dawa na siku za mapumziko huratibu walezi wa shirika, naye kwa kujitolea. Alikuja na koti lake jeupe, mbio mbio, maana alimwachia mwenzake kaunta.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanangu, akajibu Breki kwa niaba ya kochi zima. Keti. Sema. Tumeshajua.

— Mmejua nini?

— Uwaziri.

Dada akamtazama, akaona heri amgeukie Sponji.

— Fundi, samahani kwa ule ujumbe. Wateja walikuwa wamenijaa, nikaandika nusu nusu. Nilisema usiende kwa binti. Sikusema usiende.

Sponji alikuwa ameshaandaa maneno ya kujitoa. Akasogea karibu asikie vizuri.

— Binti ana jirani yake wa kitanda bwenini, dada akaendelea. Mlezi wa huyo jirani alihamishwa kikazi, na mpaka sasa sijapata mwingine. Jumamosi ya wageni ikifika hashuki uwanjani. Hulala, akajifunika shuka mpaka kichwani. Sasa binti wako akishaachana na wewe hurudi bwenini, akakaa kitandani kwa mwenzake, akamsimulia yote uliyosema. Juzi kaniita pembeni. Kasema, "Dada, Jumamosi hii fundi wangu aende kwa huyu. Mimi nimeshamsikia sana, na huyo mtu anaongea, niliyoyasikia yatanitosha mpaka mwezi ujao."

Kijiwe kikalipuka.

— Anaongea nani? Hakimu akasema.

— Fundi.

— Fundi yupi?

— Huyu.

— Dada, umekosea mtaa, Breki akasema. Huyu hapa ni Sponji. Huyu tukitaka atuitikie salamu tunampigia simu.

— Kwa hiyo ninyi ndio wenyewe, dada akasema, akaanza kutabasamu. Nani kati yenu ni Breki, aliyeteremka mlima bila breki na lori limejaa mbuzi?

— Ng'ombe! Breki akaruka. Ng'ombe, dada! Sponji, uliwapunguza?

— Na yupi alimnyoa bwana harusi nusu kichwa, wakaanza kubishana, mpaka harusi ikaanza?

— Hiyo ilikuwa siri ya kibanda! Hakimu akapiga kelele. Sponji! Bweni zima linajua?

— Bweni zima, dada akasema. Hucheka mpaka matroni akagonga mlango.

Sponji aliona joto likimpanda masikioni. Alitamani misumari yake.

— Na ushauri wetu? Hakimu akadai. Miaka miwili tunakupa ushauri. Kulala mapema. Kutokuamini marafiki. Kujibu swali gumu kwanza. Uliufikisha?

— Sikuufikisha, Sponji akasema.

— Hata mmoja?

— Wa Mama Birika. Nilimwuliza kama anakula.

— Mnaona! Mama Birika akasema, akajipongeza kwa kumimina kikombe ambacho hakuna aliyekiagiza.

— Mimi nilimwambia, nyote wawili mkae na fundi pamoja, dada wa duka la dawa akasema. Binti hakukubali. Kasema, "Nikiwepo mimi, mwenzangu atakaa kimya kama kanisindikiza. Nataka naye awe na mgeni wake." Basi, fundi, utakwenda?

Sponji akaitikia kwa kichwa. Furaha ilimjaa kifuani, ikachanganyika na aibu. Alfajiri yote alikuwa akimshuku mtoto kwa ajili ya gundi ya viatu, na kumbe mtoto alikuwa anamgawia mwenzake kidogo kidogo kile alichokuwa nacho.

Dada akaangalia saa yake mkononi, akainuka. Halafu akakumbuka kitu, akauliza tu, bila kumkusudia mtu:

— Lakini sasa, Jumamosi yeye binti atakaa na nani?

Hakimu ndiye aliyejikohoza.

— Jumamosi ndiyo siku ya vichwa, bwana. Foleni mpaka barabarani. Ningekuwa nina msaidizi...

— Mimi jiko nitamwachia nani? Mama Birika akasema, na yeye mwenyewe hakulipenda lile jibu. Mwezi ujao nitajipanga. Kweli kabisa.

Wakamtazama Breki, ambaye hana kibanda, hana jiko, na hana foleni. Breki alikuwa akiangalia ndani ya kikombe chake.

— Mimi sijui kuongea na watoto wa shule, akasema. Nitamwambia nini? Mambo ya gia?

— Mimi nitakuwepo pale pale, dada akasema. Wageni wote nawafikisha mwenyewe. Lakini silazimishi mtu, mzee.

Mama Birika akainamisha birika. Likatoa tone moja na mashapo. Kahawa ilikuwa imekwisha, na siku nyingine hapo ndipo watu hujikung'uta wakaenda makwao. Hakuna aliyejikung'uta.

— Sponji, Breki akasema polepole. Huko kwa watoto, ukiacha habari ya mbuzi, ulisema mimi ni mtu gani?

Sponji akafikiri. Hakutaka kumpamba.

— Nilimwambia unasema uongo mwingi sana.

— Mm.

— Na kwamba wakati ukiendesha lori, ukimwona mtu kakwama njiani, ulikuwa unasimama. Tajiri wako akifoka, unasimama. Mvua inanyesha, unasimama. Binti kasema angependa kukuona.

Breki alikiweka kikombe chini, kwa uangalifu, akajishika kidevu, akakipapasa huku na huku kama anakiona leo. Kisha akainuka kwenye kochi, na springi ikapumua.

— Hakimu, fungua kibanda.

— Saa hizi? Kufanya nini?

— Ninyoe ndevu. Na unyoe vizuri, bwana, zote, pande mbili. Jumamosi mimi nina mtu.