Sauti Chini ya Usia wa Kaka

Asifiwe Bwana aliyetupa pumzi ya leo! Wewe uliyeshika karatasi hii, tulia unisikilize kana kwamba tumekaa benchi moja. Nitaeleza taratibu.

Ndugu zangu, miaka ile baada ya vita na Uganda nilikuwa fundi redio mtaa wa Hamugembe. Ugonjwa tuliouita Juliana, ambao baadaye tuliujua kuwa ni UKIMWI, ulikuwa unafunga nyumba moja baada ya nyingine. Kaka yangu wa kijijini Maruku alipodhoofika, aliniita nirekodi usia wake, maana aliogopa ukoo ungeyageuza maneno yake. Kanda tupu sikuwa nayo. Nilichukua ile niliyoachiwa na mwalimu mgeni aliyekaa Kahororo: albamu ya kwanza kamili ya bendi ya panki, vijana wa Kizungu. Nyimbo zao nyingi hazifiki dakika mbili. Hawaimbi, wanapayuka, na gitaa linakwaruza kama bati linaloburutwa juu ya mawe.

Kaka alisema kibanja chake, shamba la migomba na kahawa, kibaki kwa mkewe na watoto. Siku nne baadaye akafariki.

Tulipomaliza matanga, ukoo ulikaa uani asubuhi. Nikabonyeza redio. Kaka akaanza kusema. Halafu chini ya sauti yake zikainuka sauti nyingine, nzito, za polepole, kama watu wanaopiga kelele wakiwa wamefunikwa udongo.

“Mnasikia? Marehemu anakataa!” Baba mdogo alisimama. “Mwanamke huyu amemla mumewe! Arudi kwao Muleba!”

Watu wakatimua mbio. Shemeji, mke wa marehemu, akanigeukia. “Shemeji, wewe ndiye uliyerekodi. Sema basi!”

Ndugu zangu, nilijua! Siku ya kurekodi betri zangu zilikuwa zimechoka, nilizianika juani tu. Betri zikiwa hivyo, redio haifuti vizuri muziki wa zamani. Unabaki chini, tena unakwenda polepole kwa kuwa kanda inazunguka taratibu; sauti ya kaka ilirekodiwa kwa mwendo huo huo, ndiyo maana haikubadilika. Nilijua, nikanyamaza! Kama angefukuzwa, kibanja kingekuwa changu, mimi mdogo wa marehemu.

Ukoo ulimpa shemeji siku mbili afungashe. Siku ya pili, nikiwa peke yangu kwenye kibanda changu cha ufundi, niliiacha kanda icheze hadi mwisho. Kati ya wimbo na wimbo kelele zilikatika, na kaka akasema, karibu kabisa na sikio langu: “Asiyeelewa amuulize mdogo wangu. Yeye hueleza vizuri.”

Mimi ndiye niliyemshikia kipaza sauti siku ile. Sikumsikia akisema hivyo. Mpaka leo sijui maneno hayo yaliingiaje kwenye kanda.

Nikaanguka magoti. “Yesu, nifungue mdomo!” Nikanunua betri mpya, nikapanda baiskeli hadi Maruku. Shemeji alikuwa ameshafunga godoro kwa kamba. Nikawaita wote, nikageuza upande wa pili wa kanda, ambao sikuurekodia. Wazungu wakapayuka waziwazi. Nikaeleza betri. Nikaeleza na tamaa yangu.

Shangazi akacheka hadi machozi. “Kumbe tulikimbizwa na Wazungu! Na wewe mzee uliruka ua na kanzu yako!”

Baba mdogo hakucheka, ila alisema, “Mama wa watoto abaki.” Shemeji alifungua godoro. Hakunisalimia mwezi mzima, nami nilistahili. Watoto wake walikulia pale pale.

Namshukuru Mungu aliyenitoa katika ukimya ule! Nawe mtegemee, hakuachi ukitetemeka. Kama unajua neno linaloweza kumwokoa mtu na umelikalia, inuka sasa, nenda kwake, umweleze.