Mama Tanuri na Vioo vya Kupapasa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha sanaa katika shule yetu ya wasioona, mwalimu tunayemwita Mama Tanuri anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Kazi ya kumwandikia wasifu nimetwishwa mimi, mwalimu wa hesabu, ambaye sijawahi kumwona hata siku moja. Namfahamu kwa kicheko chake kinachoingia ofisini kabla yake, na kwa plasta zisizokosekana vidoleni.

Alipofika alikuta tanuri la umeme la kuchomea vyungu, limekaa tu halina mwenyewe. Akaanza kuokota vioo vya madirisha yaliyovunjika (na kwa mpira wa watoto wetu, hayakuwa machache). Alivikata, akaviongezea vipande vya rangi, akavichoma mpaka vikashikana. Kazi hiyo ilimteka kabisa. Mumewe hutania kwamba mkewe ameolewa na tanuri, yeye ni shemeji tu.

Kioo chake kikubwa cha kwanza kilikuwa cha mlango wa bwalo: samaki, ndege, maua, rangi tele. Walimu wanaoona walikisifu mpaka basi. Wanafunzi wakapitisha mikono, kisha wakauliza picha yenyewe iko wapi. Moto ulikuwa mkali mno. Kila kitu kilikuwa kimeyeyuka na kulala bapa kama meza. Jamani, aliumia! Muhula mzima hakugusa tanuri, akijiuliza anamfanyia nani kazi ile.

Aliporudi, alipunguza moto ili vipande vishikane bila kuzama, kingo zibaki zimeinuka lakini zisimkate mtu. Kila kioo alikijaribu akiwa amefumba macho, na hakuna kilichotundikwa kabla wanafunzi hawajakipapasa wakaridhika. Wakali hao! Jogoo mmoja alitengenezwa upya mara tatu kwa sababu ya mkia. Leo kila mlango una picha yake, na mgeni akipotea huelekezwa na mtoto wa darasa la kwanza.

Shukrani yangu mwenyewe ni ya nyumbani. Binti yangu anaona, na alipokuwa mdogo alipenda kunichorea. Kila jioni aliniwekea mchoro mapajani, nami nikapapasa karatasi nyororo na kumwambia ni mzuri, mwanangu. Nilimsimulia Mama Tanuri huku nacheka, ingawa halikuwa jambo la kuchekesha. Aliniomba mchoro mmoja tu. Wiki iliyofuata aliniwekea kioo mikononi. Nikakuta nyumba, jua, na mtu mwenye mikono mikubwa kuliko mlango wa nyumba yenyewe. Nilimuuliza binti yangu huyo ni nani, akasema ni mimi. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, nilimwambia mchoro wake ni mzuri nikiwa nasema kweli.

Asante sana, dada. Maisha mema yakupokee huko uendako, na mikono yako isikose kazi ya kuipenda.