Mama Mkwe Alipokataa Uji

Nawasalimu, akina mama wa Makambako, kwa jina la Yeye aliyenipa sauti hii mnayoisikia inatetemeka. Kamwene! Msinicheke. Kuimba mbele za watu siogopi, mimi ni sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu kule Njombe. Kusema ndiko kunakonitoa jasho na baridi yote hii. Lakini mficha uchi hazai, kwa hiyo nasema.

Ndugu zangu, nilikuwa na nyuso mbili. Jumapili naimba mpaka wazee wanatoa vitambaa kufuta machozi. Nikirudi nyumbani, kijijini Yakobi, navua joho, nalitundika msumarini, na furaha naiacha hapo hapo. Jumatatu hadi Jumamosi kwangu mlisikika sufuria na kufoka tu.

Mwaka jana mama mkwe wangu akapata kiharusi. Mume wangu akamleta kwetu kutoka Kifanya, upande mmoja umelala, mdomo hautoi neno, hata "maji" hawezi kusema. Mwanawe alipomlisha, alikula. Kisha mume wangu akasafiri na mzigo wa mbao, nikabaki mimi naye.

Siku ya kwanza akafunga mdomo. Ya pili vilevile. Nikajaribu uji wa ulezi, viazi vya kuponda, parachichi. Anatazama ukuta. Siku ya tatu nesi akaja, akampima, akanivuta pembeni.

"Koo lake ni zima, mama. Maji anameza. Huyu anakataa. Kesho asipokula mkimbizeni hospitali, na kwa umri wake mimi siahidi kitu."

Jioni wifi yangu akapiga simu kutoka Kifanya. "Nakuja Jumamosi. Nikimkuta hivyo hivyo namchukua, na ukoo mzima utajua nani alimuua mama kwa njaa."

Sasa mjue nilivyokuwa namlisha. Simsalimii. Nimekunja uso, kijiko nakigonga kwenye meno yake: "Fungua, nina kazi!" Na kuimba nilikataza, hata redio nilizima. Mnajua wenyewe, nyimbo za kanisani zikisikika siku ya kazi kwenye nyumba yenye mgonjwa, majirani wanajua ameshafariki. Nikasema sitaki uchuro kwangu.

Ijumaa asubuhi, siku ya nne, uji ukamwagika kidevuni. Nikamshika taya, ndugu zangu. Nikamkandamiza kama ndama anayenyweshwa dawa. Hakupiga kelele, angepigaje? Chozi likashuka upande ule wenye uhai. Nikautazama mkono wangu, nikauonea aibu, nikatupa kijiko na kukimbilia jikoni.

Nilitaka kuomba, maneno yakagoma. Kilichotoka ni wimbo wa kanisani, wa Kibena, ule tuliofundishwa utotoni. Sikuimba vizuri, nilikuwa nalia. Ubeti wa kwanza ulipokwisha, nikasikia sauti nyingine chumbani.

Nilidhani mtu ameingia. Nikachungulia. Ni mama! Anaimba, maneno yote, yamenyooka, mtu asiyeweza kusema "maji".

Niliingia huku naimba, maana niliogopa nikinyamaza atanyamaza. Nikachukua kijiko kingine. Mwisho wa mstari akafungua mdomo. Nikalitazama lile koo. Likashuka. Amemeza. Beti zikaisha, bakuli bado nusu, nikarudi mwanzo. Mara tatu tulirudia, mimi hata kutua sithubutu.

Mlango ukasukumwa. Akaingia jirani yangu mmoja, kitenge kiunoni, machozi tele.

"Jamani, ameondoka saa ngapi?"

Nyuma yake wengine wanne, mmoja ameshabeba kuni za msiba. Mama akawatazama, uji mdomoni, akameza, akaendelea na ubeti wake. Yule jirani akabaki mdomo wazi. Halafu akaketi sakafuni, akashika sauti ya pili. Nilicheka na kulia kwa pamoja, na nyumba yangu haikuwa imewahi kusikia kicheko changu siku ya Ijumaa.

Jumamosi wifi akaja. Nikamweleza yote, hata habari ya taya, kabla hajaketi. Nikangoja hukumu. Akauliza tu, "Mnaimba wimbo upi?" Hakumchukua mama.

Namshukuru wifi yangu kwa kunisamehe. Namshukuru nesi aliyerudi akaniambia wapo wagonjwa wa kiharusi wasioweza kusema lakini wakaweza kuimba, basi tuendelee, na jirani zangu waliokuja kuzika wakabaki kuimba. Mume wangu aliporudi alidhani amekosea nyumba.

Nawaambieni, akina mama, msimwekee Mungu siku moja ya furaha na watu wa nyumbani siku sita za uso mkavu. Mwimbieni mkimenya viazi, mkifua, mkimgeuza mgonjwa. Mimi bado naamka na hasira siku nyingine, siwadanganyi. Lakini mama yupo, anakula, na asubuhi nikichelewa kuanza wimbo, yeye ndiye anayeuanza.