Sauti Iliyowateremsha Wachungaji

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti, mama yetu, Mme Mamotlatsi Sekete, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutangaza katika redio yetu ndogo hapa milimani Mokhotlong. Mimi ni fundi mitambo wake. Kati ya miaka hiyo, kumi na minane amenifokea mimi. Silalamiki, nataka tu ijulikane.

Alianza kwa kusoma matangazo ya misiba na ng'ombe waliopotea. Baadaye akapewa kipindi cha asubuhi, kisha kituo kizima, maana hakuna aliyethubutu kumnyima. Alitangaza akiwa amejifunika blanketi, miguuni mabuti ya mpira. Mabomba yakiganda, alinituma nje na sufuria nikachote theluji ya chai. Siku niliyoleta yenye mavi ya mbuzi, wilaya nzima ilisimuliwa kabla ya taarifa ya habari.

Ila ninachotaka kumshukuru hasa ni ile Julai ya theluji kubwa. Wachungaji walikuwa bado juu kwenye kambi za malisho, na samadi ya kuwashia moto ilikuwa imewaishia. Desturi yetu mnaijua: mchungaji haachi kondoo mpaka mwenye mali aseme kwa kinywa chake. Akishuka bila ruhusa, kila kondoo aliyekufa ni deni lake.

Mme akawaita wenye mifugo waje kituoni waseme wenyewe hewani, kwa kuwa kila kambi ina kijiredio chake. Wakaja, mabega yamejaa theluji. "Ni mimi. Acha kondoo, teremka." Mmoja baada ya mwingine, mpaka akabaki mzee mmoja, Ntate Thesele Mphafi.

Yeye alisimama mlangoni na kugoma. Kondoo wale ndio mali pekee aliyokuwa nayo, na mchungaji wake, Tumo, alikuwa kambi ya juu kuliko zote. Mawingu yalikuwa yanarudi. Jioni njia ingefungwa, na Tumo asingemaliza wiki bila moto.

"Nikimwambia ashuke, nani atanirudishia kondoo wangu? Wewe?"

"Mimi sina hata kuku," Mme akamjibu. "Basi mwambie abaki. Ila umwambie mwenyewe, kwa jina lake. Anakusikiliza."

Akamvutia kiti. Niliwasha taa nyekundu ya kuwa hewani, nikijua kwamba mzee akisema abaki, Tumo atabaki. Dakika ile nilimchukia Mme, Mungu anisamehe.

"Tumo," mzee akasema, akasogeza kiti mbele. Mme hakumsaidia hata kwa kikohozi.

"Tumo, umekula?"

Redio haijibu, lakini mzee aliitazama ile maikrofoni na kungoja kabisa. Tulimwona uso ukimbadilika.

"Acha kondoo, mwanangu. Shuka. Shuka sasa hivi."

Theluji ilirudi kabla ya giza. Ntate Thesele hakwenda nyumbani. Alikaa kando ya jiko letu la mafuta ya taa, pale pale chumba cha matangazo. Mme naye hakutoka hewani. Akijua Tumo anatembea na kijiredio chake, kila wimbo ukiisha alimtaja kwa jina, akimkataza kukaa chini, akimtukana kidogo ili asisinzie. Sikuwahi kuogopa vile.

Asubuhi mlango ukasukumwa. Tumo aliingia na barafu kwenye ndevu, akichechemea. Hakutusalimu. Akaenda kusimama mbele ya mzee.

"Ntate, sidhani kama kuna kondoo atakayepona."

"Nilikuuliza kama umekula," mzee akasema.

"Sijala, Ntate."

Mme akainuka, akaacha maikrofoni wazi, akaenda kusonga ugali. Katika kazi yake yote, hiyo ndiyo mara pekee aliyoondoka hewani bila kuaga. Mimi sikuweka wimbo. Mama yake Tumo, kijijini kwake, alikuwa amekumbatia redio tangu jana. Hakuna aliyemtangazia kitu. Alisikia sahani ikiwekwa, kisha mtu anatafuna kwa pupa, na mzee akisema, "Pole pole, utapaliwa." Akazima redio, akalala.

Asante, Mme. Ijumaa tunapika sisi, wewe utakaa ule. Tunakuombea afya, miaka mingi ya kupumzika, na moto usiokuishia.